Wingi wa nyota sio ushahidi, tunahitaji mfano wa pili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hii mada ya viumbe wa sayari nyingine mmeiacha ikazunguka muda mrefu sasa na kila anayeandika anarudia mambo yaleyale mawili. Kundi la kwanza linasema nyota ni nyingi mno kwa hiyo haiwezekani tukawa peke yetu, yaani wanaandika na alama za mshangao tatu tatu. Kundi la pili linasema wangekuwepo tungeshawaona, kwa hiyo hawapo, mjadala umefungwa. Halafu gazeti nalo linakuja kuongeza vurugu, habari ya vijidudu vya Mirihi, habari ya mawimbi ya redio na habari ya visahani vinavyoruka zote mnazitupia kapu moja, juu mnaweka picha ya kiumbe cha kijani chenye macho kama mayai.

Jamani hivyo ni vitu vitatu tofauti kabisa. Kama kuna uhai wowote huko nje, hata uwe utelezi tu juu ya jiwe, hilo ni swali moja. Kama kuna wenye akili na mitambo, hilo ni la pili, na kama wameshafika hapa kwetu ni la tatu, na ukipata jibu la mojawapo bado hayo mengine hujayajibu. Msimamo wangu nausema mapema nisionekane nazunguka: vijidudu nadhani vipo sehemu nyingi tu, wenye akili ni adimu kiasi kwamba huenda galaksi yetu nzima haina wengine, na waliotutembelea hakuna. Ila hata hapo nabashiri tu kama wengine wote, kwa sababu uhai tunaoujua ni mmoja, huu wa Dunia, na kwa mfano mmoja huwezi kupiga hesabu ya uwezekano wa kitu chochote. Mpaka tupate wa pili.

Tuanze na hao wa nyota nyingi. Namba zao sibishi, ni za kweli. Galaksi yetu ina nyota kati ya bilioni 100 na bilioni 400, na galaksi zenyewe zinahesabiwa kwa mamia ya mabilioni, wengine wanafika mpaka trilioni. Sayari za nje ya mfumo wetu wa Jua za kwanza kuthibitishwa zilipatikana 1992, tena zinazunguka nyota iliyokwishakufa, kisha 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wakapata moja inayozunguka nyota hai inayofanana na Jua, 51 Pegasi, kazi iliyokuja kuwapa Nobel mwaka 2019. Leo zilizothibitishwa zimepita 6,000. Darubini ya Kepler iliyorushwa 2009 ilikodolea macho nyota zaidi ya 150,000 kwa wakati mmoja ikisubiri mwanga wa nyota upungue kiduchu pale sayari inapokatiza mbele yake, na hesabu zilizotoka kwenye data zake mwaka 2020 zinakadiria kwamba galaksi yetu ina angalau sayari milioni 300 za mawe zilizokaa umbali mzuri na nyota zao, sio karibu mpaka maji yakawa mvuke wala mbali mpaka yakaganda.

Mtu akisikia milioni 300 anaona kesi imekwisha. Haijaisha bwana! Hiyo namba inabidi uizidishe na uwezekano wa kemikali tupu kugeuka kuwa kitu hai, na huo uwezekano hakuna anayeujua, si profesa si mnajimu. Ukiwa moja kwa kumi basi galaksi imejaa uhai mpaka unamwagika, ukiwa moja kwa trilioni ya trilioni ya trilioni basi nyota zote za ulimwengu tunaoweza kuuona hazitoshi na sisi ni tukio lililotokea mara moja tu. Zote mbili zinakubaliana na tunachokiona leo. Frank Drake alipoandika ile fomula yake maarufu mwaka 1961, ile ya kuzidisha vitu saba kuanzia kasi ya kuzaliwa nyota mpaka muda ambao ustaarabu unadumu ukirusha mawimbi, aliiandika kama ajenda ya mkutano uliofanyika Green Bank huko Marekani, yaani orodha ya maswali ya kujadili, sio mashine ya kutoa majibu. Vipande vya mwanzo, vya nyota na sayari, sasa tunavijua vizuri tu. Vya mbele, uhai kuanza, akili kutokea, ustaarabu kudumu, ni vilevile kama ilivyokuwa 1961, ndio maana kwa fomula hiyohiyo mmoja anatoka na mamilioni na mwingine anatoka na sifuri na wote wamezidisha sawasawa.

Na kuna mtego ambao watu wengi wanauruka. Wanasema sisi si tupo, kwa hiyo inawezekana, kwa hiyo ni kawaida. Hapana. Anayeuliza hili swali lazima awe amezaliwa kwenye sayari ambako uhai ulitokea, hawezi kuzaliwa kwingine! Hata kama uhai ungetokea kwenye sayari moja tu katika ulimwengu wote, wenye kuuliza wote wangekuwa hukohuko wakisema mbona sisi tupo. Kwa hiyo kuwepo kwetu kunatuambia kwamba inawezekana, hakutuambii ni mara ngapi.

Sasa sio kwamba tuko gizani kabisa, dalili zipo na kwangu zinaelekea upande wa vijidudu. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi, na kuna chembe za madini ya zirkoni zenye umri wa miaka bilioni 4.4 zinazoonyesha maji yalikuwepo mapema sana. Pale Pilbara, magharibi mwa Australia, kuna miamba ya miaka kama bilioni 3.5 yenye matabaka yaliyojengwa na vijidudu. Yaani sayari ilipopoa tu na kuacha kupondwapondwa na mawe ya angani, haikupita muda mrefu uhai ukawepo. Kama ingekuwa ni jambo gumu kupita kiasi tungetegemea lichelewe. Hiyo ni hoja nzuri ingawa nayo ina kasoro yake, kwamba safari ya kutoka kijidudu mpaka mtu mwenye darubini imechukua muda mrefu mno, kwa hiyo sisi tusingekuwepo kuuliza kama uhai usingeanza mapema. Sawa, lakini bado naipa uzito.

Halafu malighafi ziko kila mahali. Kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 kilikutwa na aina zaidi ya 70 za asidi amino, ambazo ndizo zinazojenga protini. Watu wakasema labda kimechafuliwa na udongo wa hapa. Basi NASA wakatuma chombo cha OSIRIS-REx mpaka kwenye asteroidi Bennu, kikachota vumbi, kikalishusha duniani Septemba 2023 likiwa limefungwa ndani ya kapsuli lisiguse hewa yetu, na majibu yaliyotoka Januari 2025 yalionyesha asidi amino 14 kati ya 20 ambazo uhai wa hapa unazitumia kutengeneza protini, pamoja na vile vipande vyote vitano vinavyobeba herufi za DNA na ndugu yake RNA. Hilo ni jiwe linaloelea angani tu! Kwa hiyo anayesema kemikali za uhai ni bahati ya Dunia peke yake hajasoma habari za karibuni.

Ila malighafi sio uhai. Stanley Miller alichapisha jaribio lake mwaka 1953, akapitisha cheche za umeme kwenye chupa yenye mvuke wa maji, methani, amonia na haidrojeni, akapata asidi amino ndani ya siku chache, na watu wakadhani iliyobaki ni kazi ndogo. Zaidi ya miaka 70 imepita na hakuna maabara hata moja iliyotoka na seli hai kwa kuanzia na kemikali tupu. Hatua moja moja zimeeleweka, jinsi mafuta yanavyojikunja yenyewe kuwa vifuko, jinsi RNA inavyoweza kuwa kama kumbukumbu na fundi kwa pamoja, lakini ile hatua ya kitu kuanza kujinakili chenyewe na kuendelea bado ni shimo, na humo shimoni ndimo ilimo ile namba ninayoililia tangu mwanzo.

Tukija kwa wenye akili mimi ndio nakuwa mgumu kabisa. Baada ya uhai kuanza, Dunia ilikaa na vijidudu vya seli moja, bakteria na ndugu zao, kwa muda unaokaribia miaka bilioni mbili bila kutokea kitu kikubwa zaidi ya hapo. Sio kwamba vilikuwa vivivu, vilijaza sayari nzima, vikabadilisha hewa yote kwa kumwaga oksijeni miaka bilioni 2.4 iliyopita, lakini umbo lilibaki dogo na rahisi. Kisha kikatokea kitu cha ajabu sana, kijidudu kimoja kikaingia ndani ya kingine na badala ya kumeng'enywa kikabaki kuishi humohumo na kuwa kama jenereta yake. Ndiyo mitokondria tulizonazo kila mmoja wetu kwenye seli zetu. Lynn Margulis alipoandika hoja hiyo mwaka 1967 majarida mengi yaliikataa kwanza, leo iko kwenye vitabu vya shule. Sasa kinachonikosesha usingizi ni kwamba kwa jinsi ushahidi ulivyo, miti yote, uyoga wote, wanyama wote tunatokana na muungano huo mmoja. Bakteria wako mabilioni ya mabilioni, wamekaa pamoja kwa miaka bilioni nne karibu, na kilichokuja kuzaa viumbe wakubwa ni muungano wa mara moja tu. Kitu kinachotokea mara moja kwa muda wote huo sio kitu cha kukitegemea kwenye kila sayari.

Na saa inakimbia. Jua linaongezeka mwanga polepole, na baada ya kama miaka bilioni moja hivi bahari zetu zitakuwa zimeanza kukauka. Ukipiga hesabu, sayari hii inafaa kuishi kwa miaka kama bilioni tano na kitu, na sisi tumeingia baada ya bilioni 4.5 kupita, yaani tumedandia basi likiwa linaondoka. Sayari nyingine ambayo mambo yake yangechelewa kidogo tu kuliko yetu ingekufa ikiwa na bakteria wake, hakuna aliyewahi kuangalia juu.

Watu wa nyota nyingi hawapendi pia kusikia kwamba kama robo tatu ya nyota zote ni zile ndogo nyekundu. Zinaishi muda mrefu sana, hilo zuri, ila zinalipuka mara kwa mara na kurusha mionzi, na sayari yake ikitaka joto la kutosha inabidi isogee karibu mno, ikisogea inaishia kuonyesha upande mmoja tu kwa nyota, mchana wa milele huku na usiku wa milele kule. TRAPPIST-1 ni mfano, sayari saba za ukubwa wa Dunia, umbali wa miaka ya nuru kama 40 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja), zilipotangazwa zote saba mwaka 2017 kila gazeti liliandika dunia mpya. Darubini ya James Webb ilipopima mwaka 2023, ile ya ndani kabisa ikaonekana haina hewa ya maana, na inayofuata haina hewa nzito ya kaboni dioksidi kama ya Zuhura. Zilizobaki bado zinapimwa, zilizo mbali zaidi na nyota huenda zikawa na hali nzuri, lakini mwanzo sio wa kushangilia.

Haya, sasa kundi la pili, wale wa tungeshawaona. Hawa wanamtegemea Enrico Fermi, mwanafizikia, ambaye mwaka 1950 akiwa mezani na wenzake huko Los Alamos aliuliza wako wapi basi. Hoja yenyewe ni nzito kuliko inavyosikika, kwamba galaksi ina zaidi ya miaka bilioni 10, na hata kwa vyombo visivyokaribia kasi ya mwanga ustaarabu mmoja ungeweza kusambaa galaksi nzima ndani ya makumi ya mamilioni ya miaka, ambayo kwa umri huo ni kama jana. Mimi nakubali ina uzito. Ninachokataa ni kuigeuza kuwa jibu, kwa sababu kutafuta kwenyewe hatujatafuta kihivyo. Drake alianza 1960 kwa kusikiliza nyota mbili, Tau Ceti na Epsilon Eridani. Miaka mingi baadaye Jill Tarter, mama aliyetumia maisha yake kwenye kazi hii, akasema tulichokagua ni kama kuchota glasi moja ya maji baharini ukakosa samaki ukatangaza bahari haina samaki. Mwaka 2018 wataalamu wengine wakarudia hesabu kwa kina, glasi ikakua ikawa beseni kubwa la kuogea. Bado bahari ni ileile.

Umbali nao watu hawauelewi. Voyager 1 iliondoka 1977, inakwenda kilomita 17 hivi kila sekunde, na kama ingekuwa imeelekezwa kwa Proxima Centauri, jirani yetu wa karibu kabisa aliye miaka ya nuru 4.2 tu, ingechukua zaidi ya miaka 70,000 kufika. Ule ujumbe uliorushwa kutoka Arecibo mwaka 1974 ulielekezwa kwenye kundi la nyota liitwalo M13 lililo umbali wa miaka ya nuru kama 25,000, jibu lake likija haraka kabisa ni miaka 50,000 toka utumwe. Na matangazo yetu ya redio yamesafiri miaka ya nuru kama mia moja tu kwenye galaksi yenye upana wa 100,000, tena yakiwa yamefifia kiasi kwamba mwenye kuyanasa awe na mtambo wa kutisha. Kwa hiyo hata kama kuna watu upande wa pili wa galaksi wanatutafuta kwa bidii zote, kwao sisi bado hatupo.

Kuhusu swali la tatu, la wageni waliokwishafika, sitapoteza nafasi yenu. Jopo huru la NASA lilitoa ripoti Septemba 2023 kuhusu vitu visivyoeleweka vinavyoonekana angani na halikukuta ushahidi kwamba vimetoka nje ya Dunia, tatizo kubwa likawa picha mbovu na vipimo visivyotosha. Na kile kitu cha 3I/ATLAS kilichogunduliwa Julai 2025, ambacho mlikiandika kama chombo, ni nyotamkia. Ni cha tatu kuonekana kikitoka nje ya mfumo wetu baada ya 'Oumuamua ya 2017 na Borisov ya 2019, kinatoa gesi na vumbi kama nyotamkia yoyote. Kuna profesa mmoja mashuhuri anapenda kusema labda ni mtambo, basi nyinyi mkamnukuu yeye peke yake mkawaacha mamia wengine.

Ninachotaka dawati lenu la sayansi likielewe ni jinsi hizi tetesi zinavyokufa, maana zinakufa kwa namna moja kila mara. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi kule Cambridge, alinasa mapigo ya redio yanayojirudia kila sekunde 1.33 bila kukosea, wakayapa jina la utani la watu wadogo wa kijani, kumbe ni nyota mfu inayozunguka kwa kasi, ugunduzi mkubwa kwelikweli ila sio wa viumbe. Darubini ya Parkes ya Australia ilisumbuliwa miaka na mawimbi ya ajabu mpaka 2015 ikabainika ni oveni ya maikrowevu ya hapohapo kituoni, mtu akiwa na haraka anafungua mlango kabla haijamaliza kupasha. Nacheka kila nikikumbuka. Mawimbi mengine yaliyoonekana kutoka Proxima, ya mwaka 2019, nayo yakaja kuthibitika ni vifaa vyetu wenyewe.

Upande wa vijidudu ni hivyohivyo. Vyombo viwili vya Viking vilitua Mirihi 1976, kipimo kimoja kikajibu kana kwamba kuna kitu kwenye udongo kinakula chakula kilichowekwa, kipimo kingine kilichotafuta kemikali za kaboni hakikupata kitu. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kikakuta udongo wa Mirihi una chumvi za pakloreti ambazo zikipashwa moto zinaunguza kaboni, na zikipigwa na mionzi zinaweza kuleta majibu ya uongo, kwa hiyo mpaka leo Viking inabishaniwa. 1996 jiwe la ALH84001, kimondo kilichotoka Mirihi kikaokotwa Antaktika, lilitangazwa kuwa na alama za bakteria waliogeuka mawe, mpaka rais Bill Clinton akasimama kuhutubia, na baadaye kila alama ikapatiwa maelezo yasiyohitaji uhai. 2020 ikaja gesi ya fosfini iliyodaiwa kuonekana Zuhura kama dalili ya uhai, bado watu wanavutana. Aprili 2025 timu ya Cambridge ikasema imeona dalili za dimethili salfaidi kwenye sayari K2-18b, miaka ya nuru kama 124 kutoka hapa, gesi ambayo hapa kwetu inatengenezwa hasa na viumbe vidogo vya baharini, wengine wakachambua data hizohizo wasione kitu cha kuaminika, na isitoshe gesi hiyohiyo ilishaonekana kwenye nyotamkia 67P ambako hakuna anayeishi.

Mnaona mchezo ulivyo? Kila alama moja ya uhai, ukikaa nayo, kuna jiwe au joto au mionzi inayoweza kuitengeneza. Ndio maana Carl Sagan na wenzake walifanya jambo la akili sana, chombo cha Galileo kilipopita karibu na Dunia Desemba 1990 kikielekea Mshtarii waliamua kukitumia kama vile hawajui chochote kuhusu sayari hii, wakauliza vipimo vyake peke yake vinaweza kugundua kama hapa kuna uhai. Vikapata oksijeni nyingi, methani iliyo pamoja nayo wakati gesi hizo mbili zikikaa pamoja zinamalizana kwa hiyo lazima kuna kinachozijaza upya kila siku, rangi ya ardhi inayomeza mwanga mwekundu kwa namna ambayo madini ya kawaida hayafanyi, na mawimbi ya redio yaliyobanwa kwenye masafa membamba isivyo kawaida. Mchanganyiko, sio kitu kimoja. Sayari ya mbali ikionyesha mchanganyiko wa namna hiyo hapo nitakaa kitako kusoma.

Kwa sasa lililo zito kuliko yote ni lile jiwe la Cheyava Falls ambalo rova Perseverance, gari la roboti la NASA, ililitoboa huko Mirihi mwaka 2024 kwenye bonde la mto wa zamani unaoingia kreta ya Jezero. Lina madoa kama ya chui, kingo zake zina madini ya chuma yenye fosfeti na ya chuma yenye salfa, na ndani ya tope hilo la kale kuna kaboni. Hapa duniani mchanganyiko huo unatengenezwa mara nyingi na vijidudu vinavyokula kwenye tope. Bila vijidudu mara nyingi unahitaji joto kubwa, na jiwe lile halionyeshi kuwahi kupikwa. Maelezo kamili yalichapishwa Septemba 2025 na wenyewe waliandika kwa uangalifu, uwezekano wa alama ya uhai, basi. Kipande chake kimefungwa kwenye mrija kiko hukohuko Mirihi, na mpango wa kukileta umekwama baada ya gharama kukadiriwa kufika dola bilioni 11.

Lakini hata kikiletwa na tukakuta bakteria, mimi nitauliza swali moja ambalo sijaona gazeti likiliuliza: ni bakteria wa nani? Mirihi na Dunia zimekuwa zikirushiana mawe tangu zamani, ALH84001 yenyewe ni ushahidi kwamba jiwe linaweza kutoka kule likafika hapa. Kwa hiyo kijidudu cha Mirihi chenye DNA ileile na asidi amino zinazoelekea mkono wa kushoto kama zetu (molekuli hizi zina maumbo mawili, kama mkono wa kushoto na wa kulia) huenda ni binamu yetu tu aliyesafiri ndani ya jiwe, au sisi ndio tuliotoka kwake, na hapo bado tungekuwa na mfano mmoja wa uhai uliokaa nyumba mbili. Hesabu ya uwezekano isingesogea hata hatua. Kikiwa na asidi amino za mkono wa kulia au kinatumia kitu kingine kabisa badala ya DNA, hapo sawa, uhai umeanza mara mbili kuzunguka nyota moja, na ukianza mara mbili hapahapa nyumbani basi huko nje ni mwingi ajabu na wale wa nyota nyingi watakuwa wameshinda kihalali.

Ndiyo sababu mimi pesa ningeipeleka Enceladus kabla ya Mirihi. Ni mwezi wa Zohali wenye upana wa kilomita kama 500 tu, barafu juu na bahari chini, na tangu 2005 chombo cha Cassini kilipoona maji yanaruka angani kupitia nyufa za kusini tunajua huhitaji hata kuchimba, unapita na kukinga. Cassini ilikuta humo chumvi, kemikali za kaboni, mwaka 2017 ikatangazwa haidrojeni inayoashiria maji moto yanakutana na mawe huko chini kama yale matundu yaliyogunduliwa karibu na Galápagos mwaka 1977 ambako viumbe wanaishi bila msaada wa mwanga wa Jua, na 2023 wachambuzi wakakuta fosfeti kwenye data zake za zamani. Na uko mbali kiasi kwamba jiwe la Dunia kufika kule likiwa na kijidudu kizima ni vigumu mno. Cassini haikuwa na vifaa vya kutambua uhai, iliteketezwa ndani ya Zohali Septemba 2017 makusudi ili isije kuangukia miezi hiyo na kuichafua.

Kwa sasa vilivyo njiani ni Europa Clipper ya NASA, iliyorushwa Oktoba 2024 na inayotegemewa kufika kwa Mshtarii Aprili 2030, na Juice ya Ulaya inayofika Julai 2031. Vyote viwili vinakwenda kupima kama mazingira yanafaa, havikubuniwa kutambua kiumbe. Safari ya Enceladus shirika la anga la Ulaya ndio kwanza linaipanga kwa miaka ya 2040. Kwa hiyo yule mwandishi wenu aliyesema jibu tutalipata kabla ya mwaka kuisha ningeomba mumuulize ni chombo gani kinakwenda kulichukua.

Msomaji wenu